Siku Mama Alipokabidhi Kijiji

Mimi si msichana wa kutulia. Nikikaa kitini robo saa, miguu inaanza kudai haki yake. Na kazi niliyojipatia, Mungu anisaidie, ni ya kukaa: ninawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Wao wanakula raha, mimi nasoma. Chumba changu kiko Riruta Satellite, hapa Nairobi, juu ya kinyozi ambaye redio yake haijui kuzimwa.

Juma hilo nilikuwa nimeangukiwa na kaunti moja ya mashambani huko Uchina. Mteja alitaka historia ya utawala wake, nasaba baada ya nasaba: iliundwa na nani, ikagawanywa vipi, makao yake yakahamishwa kwa nini. Nilidhani ni kazi ya kumaliza na chai. Wapi! Kaunti yenyewe haikai mahali. Nasaba hii inaiunda, nasaba ile inaifuta, inayofuata inaifufua kwa jina jingine. Mto unafurika, makao yanahamia mlimani. Vita au njaa ikipunguza watu, mkubwa mmoja mbali huko anasema kaya hazitoshi, na kaunti nzima inamezwa na jirani yake. Katika nasaba za mwisho mkuu wa kaunti hakuruhusiwa hata kuwa mtu wa pale. Alitumwa kutoka mkoa mwingine, na kabla hajajua vichochoro anahamishwa tena.

Nilikuwa hapo kwenye kumezwa na jirani, Mama aliponipigia simu.

Mama anaishi Laini Saba, Kibera, karibu na reli, anakaanga samaki na kuuza. Lakini ukimuuliza kazi yake, hataji samaki. Mama ni mzee wa kijiji. Ndiyo, ni mwanamke na anaitwa mzee, na Kibera hakuna anayeshangaa. Watu wakigombana kwa mfereji wa maji, wanaletwa kwake. Kijana akitafuta kitambulisho, Mama ndiye anayesimama mbele ya chifu aseme huyu namjua, amezaliwa hapa. Mshahara hakuna. Miaka nenda miaka rudi nimemwambia aachane na hiyo kazi ya bure, na kila mara tunamaliza kwa kununiana.

"Chifu mpya ameitisha baraza kesho," akasema. "Anasema ile barabara mpya ilipopitishwa ilikula nusu ya kijiji changu. Tumebaki wachache. Anataka tuunganishwe na wale wa upande ule wa reli, mzee awe mmoja."

"Si vizuri basi? Utapumzika."

"Nipumzike nifanye nini?"

Kukaa kulinishinda kabisa. Nilifunga kompyuta, nikaitia begini, nikatembea kwa mguu kutoka Satellite hadi kwake, nikibishana na yeye kichwani njia nzima. Nilimkuta akiparua samaki magamba. Hakutaka kuzungumzia baraza, kwa hivyo nikamwambia habari za Wachina wangu. Nikamwambia kwamba kulikuwa na nyakati ambapo, chini ya mkuu wa kaunti, kaya zilipangwa kumi kumi, na kila kumi zina mtu wao wa kuziangalia.

Mama alicheka mpaka kisu kikasimama. "Kumbe hii Nyumba Kumi ya serikali yetu ni ya kitambo hivyo! Na sisi tukaambiwa ni kitu kipya."

"Mkuu akihamishwa," nikaendelea, "anamkabidhi anayekuja muhuri, pesa za serikali na ghala la nafaka. Hiyo imeandikwa kwa urefu."

"Na yule wa nyumba kumi akiachishwa?"

"Sijaona mahali wameandika."

"Hawawezi andika," akasema, akarudi kwa samaki wake.

Nililala kwake, na asubuhi baraza likafanyika kwenye uwanja mdogo nje ya kanisa la mabati. Chifu alizungumza vizuri, hilo siwezi kumnyima, ila alikuwa mtu wa kuja juzi, na kila akitaja mahali alimgeukia msaidizi wake kwanza. Akasema vijiji viwili sasa ni kimoja. Akasema mzee atakuwa yule wa upande wa pili, fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume mpole anayesalimia kila mtu. Nilitaka sana kumchukia, na ikanishinda.

Hasira yote ikamgeukia chifu. Mimi, niliyeomba miaka yote Mama aache, nilikuwa nimeshainuka nusu, ulimi uko tayari. Mama alinishika goti. "Kaa chini. Usiniaibishe."

"Mama, asante kwa kazi," chifu akasema. "Basi mkabidhi mwenzako, tufunge mkutano."

Watu wakapiga makofi. Mama akasimama. Chifu akanyoosha mkono kidogo, nadhani alingoja faili, au ufunguo wa mahali fulani. Mama hakuwa na ofisi wala muhuri. Alienda moja kwa moja kwa fundi, akamshika mkono wa shati, akamwambia, "Twende." Wakatoka uwanjani wawili hao, chifu akabaki na msaidizi wake, nami nikawafuata.

Alimpitisha mlango kwa mlango.

"Hapa ni shosho mmoja mkongwe, haskii. Usibishe mlango. Pungia dirisha, aone mkono wako."

"Sawa, mathe."

"Hawa wawili wakipigana, usikuje peke yako. Kuja na mwanamke, bwana ataona haya."

"Sawa, mathe."

"Huyu wa kushona viatu hawezi kukuambia hajakula. Ukiona jiko yake imelala, muulize habari ya mtoto wake aliye ushago, huko mashambani. Ataongea, na hiyo ingine itatoka yenyewe. Na hii nyumba ya chini, maji hufika hapa kwanza. Mvua ikianza, wewe anzia hapa, usingoje kuitwa."

Fundi mwanzoni alikuwa akiitikia juu juu. Tulipofika kwa msichana anayelea wadogo zake, alikuwa amevua kofia. Mimi nyuma yao nilikuwa nachemka. Nilitaka yaishe haraka, Mama akae, anywe chai, hata akinilaani mimi, sawa. Nilikuwa na insha inayongoja na mteja asiyejua kungoja. Lakini Mama hakuruka mlango hata mmoja, na mingine nilikuwa nimeipita tangu utotoni bila kujua nani yuko ndani.

Mwisho tukafika kwake. Nikasema moyoni, afadhali. Nikangoja atoe ufunguo. Hakuutoa. Alisimama nje na fundi, wote wawili wakiangalia kufuli.

"Na hapa," akasema, kwa sauti ileile, "anaishi mama mmoja. Yuko peke yake. Msichana wake hukuja, lakini huwa na haraka. Kila siku huyu mama atakuambia yuko sawa. Usimwamini. Ingia ndani, ukae kidogo."

"Sawa, mathe," fundi akasema, polepole, kisha akanigeukia. Mimi nilikuwa tayari na begi mgongoni.