Kipa wa Dakika Tatu

Iustin Bârzu alikuja kwetu Lunca Seacă akiwa na miaka kumi na tisa, begi moja, na glovu alizozishona vidole mwenyewe. Alikuwa mrefu hivi kwamba kila mlango wa klabu alipita ameinama, kama mtu anayesalimia wakwe. Mimi, Ilie, nilikuwa mtunza uwanja: kukata nyasi, kupaka mistari chokaa, kufukuza mbwa. Nilipomwonyesha goli alilishika mwamba, kisha akaniuliza, "Mzee Ilie, hapa mnafungwa sana?"

"Inategemea siku."

"Safi," akasema.

Maskini, hakujua kilichomleta. Sheria ya ligi wakati ule ilitaka kila timu ianze mechi na kijana mmoja wa chini ya miaka ishirini na moja. Kocha wetu, Cornel Zamfira, alikuwa na hofu na vijana kama paka na maji. "Kijana ukimweka katikati, atakimbia," alituambia. "Akikimbia, ataharibu. Lakini kipa anasimama. Kijana aliyesimama hana madhara."

Basi mpango ukawa huu. Mechi ikianza tu, nahodha anaupiga mpira nje, moja kwa moja kwenye shamba la mahindi nyuma ya uwanja. Sisi ni daraja la tatu, mpira wa kueleweka ulikuwa mmoja. Wakati watu wanautafuta, Iustin anaanguka na kushika mguu. Dakika ya tatu anatolewa, na Marcel Ploscaru, kipa wetu wa kweli, mwenye miaka thelathini na minane na tumbo la kumtangulia, anazima sigara na kuingia.

Kila aliyeumia alijaziwa fomu. Daktari wetu wa timu, Bi Viorica, siku za kazi alitibu ng'ombe. Alianza na goti, akaja kifundo, nyonga, bega, mbavu. Mahindi yalipovunwa na nahodha akahamia kupiga mpira mtaroni, mwili wa Iustin ulikuwa umemwishia. Jumamosi moja aliandika "ukwato wa kushoto", na refa akatia sahihi.

Bibi yake Iustin, Saveta, alikuwa akija kila mechi ya nyumbani kutoka kijijini. Basi lao lilifika dakika ya kumi, halikuwahi kuwahi. Kila mara alimkuta mjukuu wake kwenye benchi na barafu juu ya kiungo fulani.

"Leo tena?"

"Leo tena, Bibi."

"Jumamosi iliyopita nyonga. Leo nini?"

"Bega."

Siku hiyo alimwendea Zamfira mbele ya watu. "Wewe bwana! Huyu alianguka kutoka juu ya mti wa plamu akiwa na miaka sita, akainuka akaendelea kula. Hapa kwako anaumia kwa kusimama tu?"

"Mama yangu, soka ni mchezo mgumu."

"Mgumu wapi? Hata jasho hana. Hebu mnuse!"

Zamfira, kwa heshima ya umri wa bibi, alimnusa.

Jumatatu, wengine wakipumzika, Iustin alinibembeleza nimpigie mashuti. Mimi mguu wangu mmoja ni mfupi, mashuti yangu hayatishi hata kuku. Aliyadaka yote, kisha akaketi kwenye mstari wangu wa chokaa, ukaharibika.

"Mzee Ilie, nataka nifungwe."

"Mungu apishe mbali! Kipa gani anaomba hivyo?"

"Walau bao moja. Nijue linavyouma. Sasa hivi mimi ni kama mlinzi wa duka ambalo halijafunguliwa."

Nilimwambia ainuke, chokaa haitoki kwenye suruali.

Wakati wa mapumziko ya baridi gazeti moja la michezo likapanga makipa wa daraja letu. Wa kwanza: Bârzu, mechi kumi na saba, mabao ya kufungwa sifuri. Idadi ya dakika haikuandikwa, na hakuna aliyeuliza. Machi ilipofika akatua kwetu wakala mwenye koti la ngozi, Laurian Petcu, ametumwa na klabu kubwa ya mji mkuu. Aliketi karibu nami, akafungua daftari. Mpira ukaenda mtaroni. Petcu akaandika: "Utulivu, kumi kwa kumi."

"Mpira uko mtaroni, bwana," nikamwambia.

"Ndiyo maana yake. Kipa mkubwa huusogeza mpira mbali kwa macho tu."

Kabla Iustin hajaanguka, tayari alikuwa ameandika "kumi" mara nne. Akasema mechi ijayo atakuja na mkataba.

Mechi hiyo ilikuwa dhidi ya vijana wa Gura Văii, timu ngumu ya milimani. Mpira mtaroni, Iustin chini, Bi Viorica akimfunga bendeji kichwani, maana pale ndipo palipobaki. Marcel alisimama kuingia huku akitafuna mbegu za alizeti. Akatema ganda, likatua kwenye kiatu cha mshika kibendera.

"Umenitemea?"

"Kaka, ningekutemea ungehitaji mwavuli."

Kadi nyekundu. Marcel akatolewa kabla ya kuingia. Kipa mwingine hatukuwa naye.

"Inuka!" Zamfira akapiga kelele.

"Nimeumia, Kocha," alijibu Iustin, maana ndivyo alivyofundishwa.

"Umepona!"

Akainuka polepole na kichwa chake cheupe, akarudi golini. Alitembea kama mtu anayeingia nyumba ya watu na hajui akae wapi. Dakika ya kumi Bibi Saveta akafika na sufuria lake la kabichi zilizoviringishiwa nyama, akaangalia benchi, hakumwona, akaanza kulia. "Amekufa!"

"Hajafa, Mama. Yuko kule."

Akatazama golini. Akaketi, sufuria mapajani.

Dakika ya kumi na mbili mshambuliaji wao akapiga shuti la chini, likapita chini ya mkono wa Iustin. Bao. Iustin akatazama wavu ukitikisika, kisha akarusha mikono juu na kukimbia! Akamkumbatia aliyemfunga, akamwinua, akamzungusha hewani. Refa akaja mbio na kadi ya njano.

"Unashangilia nini wewe?"

"Nimefungwa!"

"Najua umefungwa!"

"Iustin!" bibi yake akapaza sauti. "Umerogwa? Geuka mbele!"

Akageuka mbele. Baada ya hapo, wallahi, nilikiona kitu. Alidaka kwa kifua, kwa goti, mara moja kwa uso. Penalti aliipangua bendeji ikiwa imemwangukia machoni. Tulifungwa mawili kwa moja, na bila yeye tungefungwa tisa.

Petcu alimngoja mlangoni, mkataba umekunjika mkononi. "Mabao mawili! Kwa siku moja!"

"Uliyaona?" Iustin akauliza, macho yanang'aa. "La pili lilidunda kwanza."

"Klabu inataka kipa asiyefungwa!"

"Basi ikanunue ukuta," akasema Bibi Saveta, akaanza kugawa kabichi. Petcu alikula mbili, akaondoka.

Kocha wa Gura Văii ndiye aliyenifuata pembeni, fomu ya zamani aliyoipata kwa refa mkononi. "Mzee, yule kijana anaumwa nini hasa?"

"Haumwi kitu."

"Hapa imeandikwa ukwato."

"Ulishapona."

Kiangazi Gura Văii wakamchukua. Zamfira alinuna wiki nzima, akidai ameibiwa.

Sasa ni msimu wa tatu yuko huko milimani, anacheza dakika tisini, anafungwa kama makipa wengine. Juzi Jumapili alinipigia simu wakati napika supu. Walikuwa wamepoteza tatu kwa mbili kwenye theluji nyepesi.

"Mzee Ilie, la tatu lilipinda! Niliruka kulia, likaenda kulia, halafu likabadili nia!"

"Mwanangu, supu yangu inaungua."

"Ngoja kwanza, sijafika kwenye nguzo."

Nikazima jiko, nikavuta kiti, akaanza upya kutoka kwenye kona.