Adui wa Taa za Papa Stanislas

Kama kuna kitu Papa Stanislas alikichukia hapa Likasi, kuliko hata siasa, ni inswa. Naam, inswa, wale kumbikumbi wa mvua za kwanza ambao Katanga nzima inawala na bukari, ugali wetu, huku imefumba macho kwa utamu! Yeye alikuwa fundi wa taa za bustani ya klabu ya zamani, taa kumi na mbili juu ya nguzo fupi za chuma, na kwake inswa walikuwa uchafu tu. Wanapenya ndani ya globu, wanaungua, mafuta yao yanagandia kioo.

Mwaka ule wa tisini na nne kiwanda cha madini cha mji kilikuwa kimelala, klabu haina wateja, na nusu ya bustani ilishageuzwa shamba la mahindi. Lakini kila Alhamisi Stanislas yuko pale na ndoo yake. Anafungua globu, anaisugua kwa majivu na ndimu, anakwangua kutu kwenye skurubu, kisha anaziba nyufa kwa nta ya mishumaa iliyobaki kanisani, adui asipate pa kupita.

"Papa Stani, mahindi inaogopa giza?" watu walimtania. Mwacheni bwana, mtu na kazi yake!

Sasa basi, Jumamosi moja ya Novemba, binti yake Orpha alikuwa anaolewa. Karamu palepale bustanini. Wakwe walikuwa wanatoka Kapolowe, wakiongozwa na Mama Élisabeth, shangazi wa bwana arusi, mwanamke wa ulimi mkali. Na Alhamisi ile mbuzi wa karamu akaibiwa. Mbuzi mwenyewe mmoja! Jambo hilo lilimkata Stanislas maini. Bukari ipo, sombe ya majani ya muhogo ipo kidogo, lakini wakwe wale bila nyama? Aibu ya namna hiyo inasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

"Uko unafanya nini, weye?" Marceline, mkewe, alimkuta asubuhi ya arusi anang'arisha globu. "Tafuta nyama!"

"Nimetafuta, hakuna. Basi waone sahani yao muzuri."

"Ndiyo, waone muzuri kama hamuna kitu!"

Mchana mvua ikanyesha, ya kwanza ya msimu, ikakatika saa kumi na moja. Saa kumi na mbili wageni wamekaa, viatu vina tope, nyimbo zimeanza kulegea, na Mama Élisabeth anachungulia upande wa jikoni. Stanislas akasogelea swichi, akabonyeza. Umeme ukakubali! Taa zote kumi na mbili zikawaka, na vigelegele vikapaa.

Ndipo ardhi ikafunguka. Kutoka kwenye majani, kwenye mahindi, kwenye kila tundu, inswa wakapanda kwa maelfu kuzifuata taa. Na fundi wetu, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, akafanya nini? Akarukia swichi azime, aokoe globu zake!

"Weye!" Marceline alipiga kelele. "Zima hiyo taa, na miye nikuzime weye!"

Mkono ukabaki hewani. Akaangalia inswa, wanene, wanang'aa kwa mafuta. Akaangalia wakwe. Mungu wangu, nyama! Nyama inaruka yenyewe kuja karamuni!

"Beseni!" akalia. "Leteni beseni za maji!"

Kila nguzo ikawekewa beseni chini yake. Akina mama wakavua viatu, na wa kwanza alikuwa Mama Élisabeth mwenyewe, kitenge kimefungwa kifuani, anazoa inswa kwa mikono miwili huku akicheka kama msichana. Stanislas akachukua kisu, akabandua nta yote, akazitoa globu moja moja ili mwanga uwe mkali zaidi. Kazi ya mwezi mzima ile! Hakujali hata chembe.

Jikoni inswa walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo tu. Bukari ikaisha, ikasongwa nyingine. Orpha alicheza mpaka taji likamwanguka.

Mama Élisabeth alilamba vidole, kimoja kimoja, kisha akamwita baba wa bibi arusi. Stanislas akasimama mbele yake akingoja hukumu.

"Papa Stani," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "kule kwetu kungali vijana batatu hawajaoa. Hamuna binti mwingine hapa?"

Bustani nzima ikalipuka kwa kicheko. Stanislas alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mikono yake imejaa mbawa.