Mbaluka na Skrubu za Milimita

Sindano ilikatika kwa mara ya tatu wiki hiyo. Kipande chake kiliruka kikapita karibu na sikio la mshonaji Nyawira na kuzama kwenye gunia la kahawa. Mbaluka alizima mashine, akasimama hapo huku ameuma meno hata taya zikamuuma. Alijua kilichovunja ile sindano. Alikuwa amekisema mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa anyamaze.

Hayo yalitokea mwaka wa hamsini na sita, katika kinu kimoja cha kahawa kule Ruiru. Mbaluka wa Mutiso alikuwa fundi mtengeneza mashine. Nyumba yake ilikuwa Kamenu, Thika, alikokaa mkewe Ndinda na binti yao Katunge. Jumatatu alfajiri alipanda lori kwenda kazini, akilala kwenye nyumba za vibarua hadi Jumamosi mchana.

Ufundi hakujifunza shuleni. Wakati wa vita vya Hitla, alipokuwa kijana mwenye nguvu, aliandikwa kazi katika karakana ya kambi ya wafungwa Waitaliano kule Ndarugu. Mmoja wa wafungwa hao, mtu mfupi mwenye upara aliyeitwa Renzo, alikuwa ametengeneza pikipiki kwao maisha yake yote. Waliongea Kiswahili cha kuokoteza, lakini mikono yao ilielewana. Renzo ndiye aliyemfundisha kwamba duniani kuna vipimo viwili. Waingereza hupima kwa inchi na vipande vya inchi. Wenzao wa Ulaya hupima kwa milimita. "Usichanganye," Renzo alikuwa akimwambia akitikisa kidole. "Ukichanganya, skrubu nalia, halafu wewe nalia."

Basi cherehani mpya ya kushona midomo ya magunia ilipofika Ruiru kutoka Ujerumani, Mbaluka alilifungua sanduku lake kwa furaha. Ilikuwa na skrubu ndogo nyingi zenye kichwa cha mviringo, na katikati ya kila kichwa tundu la pembe sita. Skrubu hizo ndizo zilizoshika sindano, na ndizo zilizoshika kile kikulabu kinachopokea uzi chini ya kitambaa. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na humo funguo saba zilizopinda kama kata ndogo za maji, kila moja nyembamba kuliko mwenzake, ya mwisho nene kidogo tu kuliko sindano ya gunia. Mafundi waliziita alenki.

Msimamizi wao alikuwa Bwana Pratley, Mwingereza mwenye uso mwekundu aliyepigana na Wajerumani na bado alikuwa akipigana nao. Alizichukua zile funguo mkononi mwa Mbaluka.

"Hii takataka ya Jerumani," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi iko na alenki mzuri ya Ingereza."

Akazipeleka ofisini kwake. Wiki mbili baadaye Mbaluka alimwona ameketi barazani, akikwangua kiko chake kwa ufunguo mdogo kuliko zote. Zile nyingine hazikuonekana tena.

Msimu ulipopamba moto, skrubu ya kikulabu ililegea, kama skrubu yoyote inavyolegea mashine ikitikisika kutwa. Ilihitaji ufunguo wa milimita mbili na nusu. Bwana Pratley alitoa wake wa inchi. Uliingia vizuri, na hapo ndipo ulipokuwa udanganyifu wake, maana ulikuwa mwembamba kwa unene wa unywele mmoja. Ule uliofuata kwa ukubwa haukuingia kabisa.

"Bwana, hii inacheza," Mbaluka alimwambia. "Ufunguo ukicheza tunduni utakula pembe. Hii mashine ni ya milimita."

"Wewe iko fundi ama iko meneja?" Bwana Pratley alimuuliza, akazungusha kwa nguvu. Ufunguo ukateleza, *krrt*, ukateleza tena. Pembe za tundu zikawa zimelainika kama jino la mzee. Skrubu ikakazika nusu tu. Kikulabu kikasogea, kikakutana na sindano, sindano ikakatika. Ikawa hivyo Jumatatu, Jumatano, na sasa Ijumaa.

Siku hiyo wanawake kumi na wawili walirudi kushona magunia kwa mkono. Nyawira ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mjane wa kutoka kijiji cha Hali ya Hatari, ambamo serikali ya kikoloni iliwafungia watu, kilichokuwa ng'ambo ya mashamba, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Mwanamke wa kijiji hicho aliyekuwa na kazi alipewa kibali cha kutoka. Asiye na kazi alitolewa kila asubuhi kuchimba handaki, chini ya macho ya askari wa ulinzi.

Saa nne meneja alikuja kuona kwa nini magunia yamerundikana. Alikuwa mzee mrefu asiye na maneno mengi. Bwana Pratley alimwonyesha ile skrubu iliyoharibika, kisha akamwelekezea Mbaluka kidole, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Huyu mtu naharibu mashine. Naharibu kwa kusudi."

Mwaka ule kila mtu alijua maana ya neno "kusudi". Kwa neno hilo watu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na hawakurudi. Mbaluka alihisi damu ikimpanda hadi machoni. Alifungua mdomo, akaufunga tena.

"Nani alikuwa ameshika ufunguo?" meneja aliuliza, akiwatazama wanawake.

Wote waliinamisha vichwa. Kisha Nyawira akaweka chini sindano yake.

"Ni Bwana Pratley," alisema. "Baba Katunge alimwambia hautoshi. Tulisikia sisi wote."

Meneja alitazama skrubu, akamtazama Bwana Pratley, akaenda zake. Mbaluka hakushikwa. Lakini kabla ya kengele ya chakula, Bwana Pratley alikuwa amechukua kadi ya kazi ya Nyawira na kumwambia aende, kwa sababu ana mdomo.

Mbaluka alimkimbilia hadi langoni.

"Mama Macharia, mbona ulisema? Ungeniacha nijitetee mwenyewe!"

"Ungejitetea lini?" Nyawira alimjibu, akifunga leso yake vizuri. Sauti yake ilikuwa kali. "Ulikuwa umesimama kama mti. Mimi nimeshaona mume wangu akipelekwa huku watu wamenyamaza. Sikutaka kuona tena. Sasa niache, kabla askari hawajaniuliza kwa nini niko njiani."

Maneno hayo yalimchoma Mbaluka kuliko ya Bwana Pratley. Alifika Kamenu Jumamosi bila kumsalimia mtu. Ndinda alimwekea isio, mahindi na maharagwe aliyoyapenda, naye akaisukuma sahani.

"Nitamvunja yule mtu," alisema, baada ya kumsimulia yote.

"Vunja," Ndinda alimwambia. "Ukishamvunja, mimi na Katunge tutakuletea chakula wapi? Na huyo mama atarudi kazini?"

Alikaa akimtazama mkewe, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akavuta sanduku lake la vifaa kutoka chini ya kitanda.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, Mbaluka aliwasha jiko la makaa uani. Alichukua alenki yake ya zamani ya inchi, nene kuliko aliyoihitaji. Aliipasha hadi ikawa nyekundu, akaizika kwenye majivu ipoe polepole ili chuma kilainike. Kisha akaanza kupiga tupa. Upande mmoja, halafu ule unaoutazama, halafu kupima kwa kipimo cha taya mbili alichoachiwa na Renzo. Kila mpapaso wa tupa alimwona Bwana Pratley na kiko chake. Mara moja hasira ilimzidi akapiga tupa kwa nguvu, akala upande mmoja kupita kiasi, ikabidi akate ncha hiyo na kuanza upya. Akajilaani. Tangu hapo alipiga taratibu, huku machozi ya hasira yakimdondoka mikononi.

Ilipofika milimita mbili na nusu kamili kwa kila upande, aliipasha tena, akaitumbukiza kwenye mafuta ili iwe ngumu. Kisha akaisugua ikang'aa, akaipasha kwa mbali hadi ikapata rangi ya majani makavu, isije ikavunjika kama kioo.

Jumatatu hakwenda kwa Bwana Pratley. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa meneja, kofia mkononi.

"Bwana Mkubwa, naweza kutengeneza mashine. Lakini uje uone."

Mbele ya meneja alichukua sindano ya gunia, akachokoa vumbi la kahawa na grisi kutoka kwenye tundu la skrubu. Alijua kwamba ufunguo wa Bwana Pratley ulikuwa umeishia juu juu, kwenye uchafu huo, na kwamba chini pembe zilikuwa bado nzima. Akasukuma wake hadi mwisho. Haukucheza hata kidogo. Akamwita meneja aushike mwenyewe, kisha akampa ule wa inchi ajaribu. Meneja aliutikisa, ukagonga huku na huku. Bwana Pratley alikuwa amesimama nyuma yao, uso umewiva kama buni.

Mbaluka alikaza skrubu, akavuta gunia moja, akawasha. Mshono ulikimbia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Kisha akazima mashine, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Skrubu zitalegea tena kesho kutwa," alisema. Sauti ilimtetemeka, lakini haikukauka. "Nitazikaza. Lakini mama aliyesema ukweli arudi kwanza."

"Huo ufunguo mali ya kinu!" Bwana Pratley alifoka. "Lete!"

"Mali ya kinu Bwana anakwangulia kiko," Mbaluka alimjibu. "Hii ni yangu."

Watu walidhani angepigwa. Meneja aligeuka na kumwambia karani amtafute Nyawira.

Alirudi Alhamisi. Lakini hakurudishwa kuwa mkubwa wa washonaji. Aliwekwa kwenye meza ya kuchagua buni, mwisho kabisa, na mikono yake ilikuwa na malengelenge ya siku tatu za handaki. Mbaluka alipomwendea kumpa pole, Nyawira alizitazama kwanza zile buni mbele yake.

"Umefanya vizuri, Baba Katunge," alisema. "Lakini usinipe pole. Endelea kukasirika."

Mbaluka alifanya kazi hadi msimu ulipokwisha, kisha akaacha. Alifungua kibanda Thika, akitengeneza cherehani za mafundi nguo na taipureta za maofisi, na seti yake ya alenki za milimita ikakua hadi tisa, zote za kuchonga kwa mkono. Wateja waliosikia habari za Ruiru walimsifu kwamba alimshinda Mzungu. Aliinua macho kutoka kwenye kazi yake, na yalikuwa makali.

"Nilimshinda wapi?" aliwauliza. "Mama wa watu alichimba handaki siku tatu kwa sababu mimi nilikosa sauti. Yule Bwana hakuchimba hata dakika moja."