Jino Jeupe Lililokwenda Idjwi

Dereva wa pikipiki alizima injini chini ya kibaraza cha duka la vocha na kusema, "Bagira njo hii, papa. Docta iko pale, mulango ya bleu." Mvua ilikuwa nyembamba, ya ukungu, na katika mtaa ule mlango wa bluu haukuwa mmoja. Niliubisha usio wake, nikafukuzwa na mbwa, ndipo nikaingia ule uliokuwa wazi muda wote.

Nilikuwa nimefika Bukavu jana yake kwa boti kutoka Minova. Huko Minova kipande cha jino langu la juu kilibaki kwenye hindi la kuchoma, na kila niliyemuuliza bandarini, kwa Kiswahili au Kifaransa, alinitajia jina lile lile: Constance wa Bagira.

Kliniki yake ni chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama yake. Kiti cha wagonjwa kimetazama dirishani kwa sababu umeme wa mtaa huu huja na kuondoka upendavyo. Siku ile madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mvua. Kwenye benchi alikaa papa Zagabe, mchimba dhahabu wa zamani kutoka Mwenga, shavu limevimba kama ameficha yai.

"Karibu, mugeni," aliniambia kwa upande mmoja wa mdomo. "Usiogope. Anang'oa muzuri. Mutu analia kisha."

Constance alicheka, akanikalisha, akalitazama jino. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mikono midogo inayofaa kazi ile. "Hii tunajaza leo leo," alisema. Alichukua tyubu mpya, akaminya tone la ubandiko mweupe wa kujazia meno juu ya kioo, akaliangazia kwa taa yake ndogo ya betri yenye mwanga wa bluu. Kisha alilibandua lile tone na kuligeuza kwa sindano ya kazi.

Akaminya tone jingine, akaliangazia kwa muda mrefu zaidi, akaligeuza pia.

Nimetibiwa meno katika nchi nyingi, na kimya cha daktari nimejifunza kukiogopa kwa lugha zote.

"Juu imekauka," alisema mwishowe, si kwangu. "Chini iko laini kama bouillie, kama uji." Akaiweka sindano mezani, ikabingirika mpaka ikaanguka sakafuni, wala hakuiokota. "Fabiola," alisema.

Fabiola ni binti wa marehemu dada yake, Mélanie. Constance alimlea tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa, yeye mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa udaktari wa meno, akisoma kitabu huku akimbembeleza mtoto kwa mguu. Siku moja msichana aliteleza kwenye ngazi za bomba akiwa na bidoni ya maji, na jino la mbele likakatika nusu. Wakati huo Constance hakuwa na taa wala ubandiko. Alipovipata, Fabiola alikuwa ameshazoea kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Jino alilomjengea lilishika vizuri miaka yote hiyo, ila taratibu liligeuka rangi ya chai ya maziwa.

Sasa Fabiola alikuwa kisiwani Idjwi, kwa ukoo wa mchumba wake Patrice, akingojea harusi ya kesho. Kabla ya kuondoka alikuwa amesema, "Maman, unitengenezee jino nyeupe kabisa. Ya picha." Constance akaagiza ubandiko mweupe kuliko wote kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi. Akalisaga lile la zamani, ambalo halikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya rangi yake, akajenga jipya kwa ubandiko huu huu.

"Ukoo ya Patrice hawajue kama ni jino ya kutengenezwa," aliniambia. "Walisikia tu mutoto ni muzima. Likivunjika kule, watasema tuliwaficha kilema."

Akampigia Hervé, waliyesoma pamoja, ambaye sasa ana kliniki Uvira. Simu aliiweka mezani, sauti wazi, ili mikono ibaki huru kukwaruza matone.

"Constance! Bado unaishi?"

"Hervé, acha michezo. Pâte nyeupe, ile ya meno ya kupausha. Inakataa kukauka."

"Lampe gani?"

"Yangu."

"Ile muzee?" Hervé alicheka. "Dada, ile inatoa bleu tupu."

Hapo ndipo nilipoelewa, maana Hervé alieleza polepole kama anayemfundisha mtu, naye Constance alimwacha aeleze. Ubandiko wa meno hukaa laini kwenye tyubu kwa sababu unasubiri mwanga. Ndani yake mna chembe za kiambato kinachoupokea mwanga na kuanzisha ugumu. Kile cha siku zote ni unga wa njano. Kinapenda mwanga wa bluu, na kikiwa cha kutosha jino hushika imara, lakini hubakiza umanjano kidogo, na kiambato kinachotiwa pamoja nacho huongeza rangi kadiri miaka inavyopita. Watengenezaji wanaotaka weupe hupunguza ule unga wa njano na kutia kiambato kingine kisicho na rangi kali. Hicho hutaka mwanga wa zambarau. Taa isiyo na zambarau huamsha ile njano kidogo iliyobaki tu. Juu panajifanya ngozi, kama uji uliopoa. Chini hapana nguvu.

"Lakini nilijaribu!" Constance alisema. "Siku ya Fabiola nilifanya kipande, nikakigonga na sonde, hii sindano yangu. Kilikuwa jiwe!"

"Ulikijaribia wapi?"

Constance aliangalia dirisha lililofungwa. "Courant haikukuwa, nyumba giza," alisema taratibu. "Nilifungua dirisha, nikakishika karibu na meno yake, tuone rangi."

"Kwa jua."

"Kwa jua."

"Basi jua njo lilikikausha. Jua iko na zambarau, iko na yote. Kinywani mwa mutoto jua lilipita wapi?"

Kila daktari wa mtaa usio na umeme hulinganisha rangi dirishani. Constance amefanya hivyo maisha yake yote ya kazi, na kwa ubandiko wa njano haijawahi kumdhuru. Aliketi kwenye kigoda nilichowekea miguu. Alinieleza kwamba jino la namna ile laweza kukaa mwezi kama mtu anakunywa supu, au likatoka kwa kung'ata mara moja.

Simu ya Fabiola haikupokelewa. Ya shangazi yake Patrice, maman Adolphine, aliyekuwa anamlinda bibi arusi ndani, ilipokelewa kwa kelele za sufuria.

"Maman Constance! Tunakungoja kesho na bale bote ba kwako!"

"Eeh, maman. Nilitaka nisalimie tu mutoto."

"Bibi arusi hasemi na simu. Iko ndani, amefunga mudomo kama vile inafaa. Hata kucheka hacheki. Umemufunza muzuri."

Niliona uso wa Constance ukibadilika. Katika ukoo ule bibi arusi hainui macho wala haonyeshi meno siku nzima, asije akaonekana anafurahia kuwaacha waliomlea. Ule weupe wa picha hakuna ambaye angeuona.

"Na kula, anakula nini?" aliuliza. "Mumupe bintu bilaini, maman. Tumbo yake..."

"Tumbo yake iko na nini?" Sauti ilinyooka ghafla. "Iko mugonjwa?"

"Hapana, hapana. Ni mawazo tu."

"Mawazo yataisha. Kesho magaribi mama ya Patrice atamupa mubavu ya mbuzi, anang'ata mbele ya bamaman bote. Na meno ya mbele, bila kisu. Akikamata muzuri tunapiga vigelegele."

Constance alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika kifuani.

"Nani alikuambia uweke jino nyeupe?" papa Zagabe alisema kutoka benchini. "Mutu wa Mwenga angeweka ya or, ya dhahabu. Hakuna lampe, hakuna Uvira."

"Papa Zagabe, leo hapana."

"Basi wamutoe inje, afungue mudomo kwa jua! Si jua njo linakausha?"

Nilidhani ni utani, lakini Constance aliufikiria kwa dhati, midomo ikitembea. "Jua litakausha juu tu," alisema. "Chini ni nene, haliwezi kufika. Na hawatamutoa. Na hawezi kufungua mudomo." Akasimama. "Boti ya Idjwi ya leo, imeshatoka?"

"Ya mchana bado," alisema Zagabe.

Alifungua kabati, akatoa tyubu ya zamani, ile ya njano, iliyokunjwa kutoka chini mpaka karibu na shingo. Aliiminya kidogo kwa kidole kujua kilichobaki. Akanitazama.

"Iko ya jino moja," alisema. "Yako ama yake."

"Yake," nilisema, na kwa kweli hakuwa ameuliza.

Akaniziba tundu kwa dawa ya muda yenye ladha ya karafuu, akaniamuru nisitafune upande ule mpaka arudi. Papa Zagabe akapewa vidonge vya maumivu. "Na miye?" mzee alilalamika, kisha akapunga mkono mwenyewe. "Enda, enda. Shavu yangu imeshazoea kungojea."

Tulishuka mjini kwa pikipiki mbili. Nilibeba taa ndani ya koti langu isilowe. Yeye alibeba pamba, gundi na ile tyubu kwenye mkoba wa kanisani. Njiani, kwenye msongamano wa magari, pikipiki zetu zilisimama sambamba na alinisemesha bila kunitazama. Alikuwa anapanga uongo: kwamba amepeleka vitenge, kwamba amekuja kumwombea mtoto, kwamba wanataka chumba chenye mlango dakika chache. Kila uongo aliujaribu kwa sauti, kisha akaukataa. Ndugu wa upande wa bibi arusi hafiki kabla ya siku ya harusi. Akionekana leo, wataanza kuuliza.

Gatini, boti ilikuwa imeshawasha mota. Watu walimpisha kwa sababu ya haraka yake. Nilimpa taa, akaifunga ndani ya kitenge, akapanda. Simu yake ikalia kabla hajapata nafasi. Nilisimama ukingoni, karibu kiasi cha kusikia.

"Maman Constance," ilisema sauti ya Adolphine. "Watu ya boti wanasema uko beach, bandarini. Unakuja kufanya nini mbele ya siku?"

Constance alifungua mdomo na ule uongo wote haukutoka. Aliyatazama maji, akaushika mkoba kwa mkono wa pili.

"Ninakuja kumutengenezea mutoto wangu jino," alisema. "Ya mbele. Lilivunjika tangu utoto, nililitengeneza, na wiki hii nimelitengeneza mubaya. Ni kosa yangu, haiko yake. Musimupe mubavu mpaka nifike."

Sufuria hazikusikika tena.

"Allô?" alisema. "Maman Adolphine? Allô?"

Nahodha alisukuma boti kwa mti, maji yakafunguka kati yetu. "Maman, ikala chini!" alimfokea. "Boti itapinduka!" Abiria mmoja alimvuta sketi. Constance hakukaa. Alikuwa ameibana simu sikioni, anasema jambo ambalo mota ilikuwa imeshalifunika, na sikuweza kujua kama kuna mtu upande wa pili anayemjibu.