Mwizi wa Ulezi Kule Mollo

Nacheka mwenyewe, lakini aibu bado ninayo. Mama yangu ana makovu kwenye mapafu. Kufika mlangoni tu ilikuwa kazi. Hospitali wakampa vidonge vya kuzuia makovu yasienee haraka, nami nikamsisitizia: "Mama, dawa hii inafanya ngozi iungue juani. Jifunike."

Juzi nikafika kijijini kwetu Mollo saa sita mchana, nikaona mtu kajifunika vitenge mpaka puani, yuko katikati ya shamba letu la ulezi kule bondeni. Nikapiga yowe: "Mwizi!" Majirani wakaja na fimbo.

Mwizi akafunua uso. Mama! Kafika bondeni kwa miguu yake, polepole, akipumzika. Nilistaajabu hata salamu ikanipotea.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akauliza. Kisha akawageukia majirani: "Huyu huyu ndiye aliyeniambia nijifunike."