Mkono Nilioinua Kortini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja upande wa Maposeni, Mwalimu Mkuu aliniangalia nikiandika tarehe katikati ya ubao, akafuta yote. "Mwalimu, ubao unaanzia juu. Wa nyuma naye ni mtoto wa mtu." Tangu hapo nikaanzia juu kabisa, nikisimama kwa vidole vya miguu, maana kimo sikujaliwa. Mkono wa kulia ndio uliokuwa kazi yangu. Mtoto akinipa chaki kwa mkono wa kushoto, nilimrudisha kwenye dawati akajifunze adabu.

Ilipokuja miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, zahanati za watu binafsi zilifunguliwa mjini Songea, na moja ikaleta chanjo ya pepopunda shuleni kwetu, kwa wanawake na wasichana wakubwa. Wasichana walitaka kukimbilia kwenye mahindi, nikajitokeza mbele ili wapate moyo. Aliyenichoma alikuwa Agripina, muuguzi wa zahanati hiyo, niliyemfundisha mwenyewe. Alitetemeka kwa kuniogopa. Sindano ikaingia juu mno, pale bega linapoungana na mkono.

Maumivu ya chanjo huisha. Yangu yalikaa. Miezi ikapita, mkono ukagoma kupanda juu ya kifua. Nikawa naandika nusu ya chini ya ubao, wanafunzi wakiinuka kuchungulia, huku habari za kupunguzwa kazi zikiwa midomoni mwa kila mtu. Nililala na hofu hiyo, nikaamka nayo. Daktari wa mjini akasema bega limeharibika, na jirani yangu mmoja akanipeleka kwa wakili aliyefungua ofisi karibuni. Tukamshtaki mwenye zahanati, tukidai fidia.

Wakili alinionya mapema. "Mama, kortini usione haya. Kila usichoweza, sema huwezi."

Nikaitikia. Lakini siku ya kesi nilikuta mabenchi yamejaa wazazi wa Maposeni, na Agripina amekaa pembeni. Aliinuka akanipigia goti. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, macho chini. Niliona kama nimekuja kumvua nguo mtoto wangu.

Karani akanipa Biblia. "Shika kwa mkono wa kulia, inua juu, uape."

Neno moja tu lilitakiwa: siwezi, kisha niape kwa kushoto. Nami nilifikiria watoto wote niliowarudisha kwenye madawati kwa ajili ya mkono wa kushoto, na baba zao wamekaa hapo wananitazama. Nikapitisha mkono wa kushoto chini ya kanga, nikakisukuma kiwiko cha kulia, Biblia ikapanda hadi usawa wa sikio. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Niliapa kusema kweli.

Wakili wa zahanati hakuwa na haraka. "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba mkono umeinuka."

Hapo kesi yangu ilikwisha, ingawa hukumu ilisomwa baadaye. Nje wakili wangu aliniuliza, "Kwa nini, mama?" Nikajifunga kanga upya, nikampita. Agripina alikuwa analia ukutani. Aliniambia alikuwa amekuja kusema kweli kwamba alichoma vibaya, lakini hakuitwa.

Kazi sikupunguzwa. Mwalimu Mkuu alinihamishia darasa la kwanza, ambako ubao ulitundikwa chini. Wenzangu waliona nimeshushwa, nami niliona hivyo hivyo. Nilikaa huko mpaka kustaafu.

Ninyi walimu vijana mnaniuliza nimejifunza nini. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Nilifundisha methali hiyo kila mwaka, kwa sauti kubwa.

Siku ya kuniaga, watoto waliimba, kisha wakataka niwapungie. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama, wazazi wa Maposeni wakiwemo, wengine wale wale wa kortini. Nikainua mkono wa kushoto, juu kabisa.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliyekaa mbele akasema tu, "Pole na bega, Mwalimu. Sisi tulijua siku zote."