Senene za Kamugisha

Sisi tuliozaliwa bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya hatukujua mpira wa dukani. Tulisokota majani makavu ya mgomba, tukafunga kwa kamba za mgomba huohuo, na mvua ikinyesha mpira ulikuwa mzito kama jiwe. Leo mwambie mtoto apige mpira huo, atakuuliza viatu viko wapi. Sisi viatu vilikuwa vya Misa.

Timu yetu pale Kagondo iliitwa Nyota ya Rweya, maana uwanja ulikuwa rweyani, kwenye yale majani nje ya vibanja vya migomba. Kaka yangu Kamugisha ndiye alikuwa mfungaji. Asubuhi walilima shamba la ujamaa, jioni wanacheza, majembe yamelala nyuma ya goli.

Nikiwa darasa la pili alikuja mgeni kutoka Mwanza, kavaa suti. Alimtaka Kaka kwenye timu yao kubwa. Atapata kazi kiwandani na baiskeli juu. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na Tata, baba yetu, alishaliona bati kichwani mwake. Ma, mama yetu, alimletea mgeni kahawa ya kutafuna. Mimi nilikwenda kulia jikoni. Kaka akienda, nani atanibeba mabegani wakishinda?

"Nipe jibu Jumapili," mgeni alisema. "Meli inaondoka jioni."

Usiku wa kuamkia Jumapili senene, panzi wetu wa kuliwa, zikaanguka. Kwetu mnajua, wanawake ndio wanaookota. Mke anamfungia mumewe kwenye jani la mgomba, na mume akishakula lazima amnunulie mkewe kanga. Alfajiri rweya yote ilikuwa migongo ya wanawake. Baada ya Misa wakaja nyumbani, Ma Paskazia mbele. Huyu mama ndiye aliyekuwa akiwazomea marefa mpaka wanaomba maji. Alibeba furushi moja kubwa, senene zimeshakaangwa.

"Kula, Kamugisha," akasema. "Safari haitaki njaa."

Kaka alikuwa hajaoa, hakuwaza chochote. Alikula zote. Alipofika kwenye jani tupu, Ma Paskazia akapiga vigelegele.

"Haya, mume wetu. Kanga zetu ziko wapi?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mgeni, aliyekuwa amekuja kuchukua jibu lake, akauliza kuna nini, Tata akamweleza huku amekunja uso.

"Kanga tu? Nitanunua mimi," mgeni akasema.

Ma Paskazia akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Waitu, ndugu yangu, kwani wewe umekula?"

Kaka akajifuta mdomo, akalikunja lile jani. Kisha akamwambia mgeni, "Mzee, nisamehe. Siwezi kuwaacha wanawake wote hawa bila nguo."

Tulidhani anatania. Lakini jioni meli ilipopiga honi, yeye alikuwa rweyani anasimamisha mlingoti wa goli ulioanguka. Tata hakusema naye mpaka mavuno ya kahawa.

Kanga hakununua. Kila msimu walimletea senene nyingine, kila msimu akasema mwakani. Hajavaa jezi ya timu nyingine mpaka leo. Bati tumepata juzijuzi, kwa kahawa. Vijana wa sasa sina uvumilivu nao kabisa: Jumapili hii yuko timu hii, Jumapili ijayo kahamia kwa wapinzani kwa sababu wana soksi.

Mwaka huu goti limemkatalia Kaka. Anachora mistari ya uwanja kwa majivu yaliyokorogwa na maji, na vijana wanaikanyaga kabla haijakauka. Ma Paskazia tumemzika. Senene zilipoanguka hakuna aliyemkumbuka Kaka, basi nikaokota mwenyewe, nikakaanga, nikampelekea kwenye jani pale pembeni ya goli.

Akala zote, taratibu.

"Na kanga?" nikamuuliza.

"Mwakani," akasema, akachukua ndoo yake ya majivu.